Safari ya Kifahari ya Mto Nile, Luxor hadi Aswan: Uchague Chombo Gani?

Kabla ya kuuliza meli ina nyota ngapi, omba ratiba ya kila siku yenye saa za kufika na kuondoka. Mahekalu ya Karnak, Edfu, Kom Ombo na Philae ni yale yale kwa kila abiria. Kinachotofautiana ni kama utaingia hekaluni palipo tulivu au utasukumana na abiria wa meli kumi zilizofunga gati saa ile ile.

1. Dahabiya

Hii ndiyo chaguo letu la kwanza, ingawa bei yake huwa juu. Ni chombo cha matanga mawili ya pembetatu, ambayo mtu wa Lamu au Unguja atayatambua mara moja, na vyumba vyake mara nyingi ni sita hadi kumi tu. Safari ya kawaida huanzia Esna, mji ulio kusini mwa Luxor, na kuishia Aswan, usiku 4 au 5. Shika mwelekeo huo huo. Upepo wa Nile huvuma kutoka kaskazini, kwa hiyo chombo hupanda mto kwa tanga; upepo ukilala, hufungwa kamba kwenye boti ndogo ya injini na kuvutwa. Ukinunua safari ya kutoka Aswan, upepo utakuwa usoni na matanga hutayaona sana yakifanya kazi.

Chombo kidogo hutia nanga mahali ambapo meli kubwa hupita tu. Kuna El Kab, mji wa kale, na kuna Gebel el-Silsila, machimbo yaliyotoa mawe ya mahekalu mengi ya Misri ya kusini. Alama za patasi bado zimo ukutani. Pale Esna kwenyewe, hekalu la mungu Khnum limezama kama mita 9 chini ya usawa wa mitaa. Dari lake lilikuwa jeusi kwa masizi. Mafundi wamelisafisha, na sasa ukiinua macho unaona buluu, nyekundu na njano, pamoja na alama za zodiaki. Meli nyingi hazisimami hapo, wakati ni pahali pa kukaa saa nzima.

Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, kila chumba kina bafu lake, na je, kiyoyozi hufanya kazi usiku kucha au jenereta huzimwa? Kisha ongeza usiku 2 wa hoteli Luxor, kwa sababu Karnak na Bonde la Wafalme havimo katika sehemu ya mto. Tikiti ya kawaida ya Bonde hukuingiza makaburi matatu. La Tutankhamun na la Seti I yana tikiti zake.

2. Meli kubwa ya nyota tano

Ina bwawa la kuogelea, lifti mara nyingine, na bei nafuu kwa usiku mmoja. Nunua usiku 4 kutoka Luxor, si usiku 3 kutoka Aswan, la sivyo mahekalu ya Luxor yatabanwa. Fahamu pia kwamba sehemu kubwa ya muda meli huwa imefungwa gati. Luxor na Aswan meli hupangwa ubavu kwa ubavu, na abiria hupitia ukumbi wa moja kwenda nyingine. Dirisha lako linaweza kutazamana na la jirani, moshi wa dizeli ukiingia. Chukua chumba cha sitaha ya juu, mbali na nyuma kwenye injini. Ukielekea kusini, upande wa kulia ndio unaopigwa na jua la alasiri.

3. Ziwa Nasser

Safari ya ziwa hili, lililo nyuma ya bwawa kuu la Aswan, inamfaa aliyekwisha kuiona Luxor. Meli ni chache, maji ni mapana, na unafika hekalu la Abu Simbel kwa njia ya maji badala ya kuamshwa usiku wa manane kupanda basi. Hekalu hilo lilikatwa vipande na kupandishwa kama mita 65 kati ya 1964 na 1968 ili bwawa lisilimeze. Mahekalu ya Wadi es-Sebua na Amada yamo njiani.

Feluka, mashua ndogo ya tanga, hatukuiweka kwenye orodha: unalala sitahani na choo kiko ufukweni.

Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari; beba sweta, kwani Januari usiku ni baridi. Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40. Beba kadi ya benki inayolipa nje ya nchi, maana madirisha mengi ya tikiti hayapokei pesa taslimu, na noti ndogo za pauni za Misri kwa ajili ya bakshishi.

Mwisho, soma mkataba. Tikiti za mahekalu, mwongozaji, Abu Simbel na vinywaji viandikwe kama vimo au havimo. Jina la chombo liandikwe pia. Ukikuta maneno "au chombo cha hadhi sawa", omba yafutwe, au uandikiwe haki ya kurudishiwa pesa chombo kikibadilishwa.