Ampu ya tyubu au modela? Igeuze kwanza uone mgongo

Miezi hii malalamiko ya wapiga gitaa yananifikia ya sura moja. Mmoja yuko Mwanza, anapigia kwaya. Mwingine anapiga solo hotelini Mombasa. Wote wamenunua ampu (kikuza sauti cha gitaa) "orijino ya Japani" na zote zimeungua. "Dada, nimeiwasha, ikanguruma kidogo, halafu moshi ukatoka kwa nyuma." Nikamwomba yule wa Mwanza anipigie picha ya mgongo wa ampu, si ya uso. Kwenye kibati, chini ya namba ya toleo, kwa maandishi madogo kama ya tarehe kwenye kopo la dawa, pameandikwa AC 100V. Ukutani kwake umeme ni 230.

Kwa hiyo leo hatubishani kuhusu utamu wa sauti. Ubishi wa tyubu na dijitali, yaani ampu za chupa za kioo na modela za kompyuta, una vijiwe vyake, na wanaouendesha wengi wana gitaa nyumbani na hawana shoo Jumamosi. Mimi napanga vifaa hivi kwa kigezo kimoja ambacho wauzaji hawakigusi: kinafanya nini umeme unapokuja vibaya? Kwa sababu huku kwetu utakuja vibaya tu.

Tuanze na kibati. Japani umeme ni volti 100, Marekani 120, Tanzania 230, Kenya 240. Ampu ya Kijapani hutoka kwao na plagi ya miguu miwili bapa. Ikifika huku, muuzaji anaikata anafunga plagi yetu ya miguu mitatu, na mnunuzi akiona miguu mitatu anajua mambo yako sawa. Plagi haikwambii chochote. Tena waya wa Kijapani mara nyingi una nyuzi mbili tu, kwa hiyo ule mguu wa tatu unakaa mle bila ethi, waya wa usalama wa kwenda ardhini. Mwimbaji anayepiga gitaa akigusa maiki kwa mdomo huku vidole viko kwenye nyuzi, anaweza kupigwa shoti ya mdomo mbele ya watu. Fungua plagi, hesabu nyaya. Kama ni mbili, mwambie fundi avute waya mpya wenye ethi kabla hujaichomeka popote.

Kama kibati kimebanduliwa (na hubanduliwa, usiniulize kwa nini), toa fyuzi uisome. Ampu ileile ikitengenezwa kwa volti 120, fyuzi yake huwa kubwa kama mara mbili ya ile ya 230, kwani nguvu ileile kwa nusu ya volti inataka mkondo mara mbili. Soma namba, kisha linganisha na mwongozo wa mtengenezaji kwenye intaneti. Kazi ya dakika tano dukani.

"Si nitaweka transfoma ya kushusha umeme?" Unaweza, ila iwe kubwa kuliko matumizi ya ampu yenyewe, si kile kidude cha kuchajia redio. Na ujue transfoma haibadilishi mizunguko ya umeme. Marekani ni 60 kwa sekunde, sisi 50, na transfoma ya ampu iliyosukwa kwa 60 tu hupata joto zaidi kwenye 50. Utaipiga saa moja, mbili, huku unaigusa mgongo.

Sasa tuseme umepata ampu ya tyubu ya volti 230 kihalali. Bado kuna jambo. Tyubu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, zina waya wa joto ndani unaotaka volti 6.3. Volti hizo zinatoka kwenye transfoma, na transfoma inafuata ukuta. Ukuta ukishuka kutoka 230 hadi 180, jambo la kawaida saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu, tyubu inapata kama 4.9. Tyubu nyingi hustahimili kupungukiwa kwa asilimia kumi hivi, na hapo ni zaidi ya ishirini. Sauti inalegea, na tyubu ikikaa hivyo mwezi baada ya mwezi inazeeka kabla ya wakati. Dawa ni stebilaiza nzuri, na hiyo ni mzigo mwingine wa kupakia kwenye bajaji.

Modela haina shida hiyo. Modela ni kompyuta ndogo inayoiga ampu na spika. Unachomeka gitaa, waya mwingine unakwenda kwa fundi mitambo, basi. Nyingi za kisasa zinakula umeme wa volti 100 hadi 240 bila kubagua. Ukuta ushuke hadi 180, yenyewe haina habari.

Ila sasa umeme ukonyeze. Si kukatika, kukonyeza tu, kama jenereta ya ukumbi inapopokea zamu. Ampu ya tyubu inanyamaza na kurudi papo hapo, maana tyubu bado zina moto. Modela inazimika, inajiwasha upya kama kompyuta, na wewe umesimama jukwaani mikono mitupu, besi na tumba wanaendelea, mwimbaji anakugeukia. Hakuna tangazo linalotaja jambo hili, na hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia.

Dawa yake, kwa bahati, ni rahisi. UPS ndogo ya ofisini, ile betri ya kompyuta moja inayoshika umeme ukikatika. HX Stomp kwa mfano, modela ndogo ya kampuni ya Line 6, inataka volti 9 na ampea 3, yaani wati 27 kwa wingi, na UPS ya kawaida inaibeba mpaka wimbo uishe na zaidi. Usijaribu UPS hiyohiyo kwa ampu ya tyubu. Umeme wake wa betri mara nyingi si laini, na transfoma italalamika kwa mvumo. Ndiyo maana kwenye orodha yangu dijitali inakaa juu.

Namba moja: Line 6 Helix LT. Napendelea Line 6 na sifichi. Helix LT ina kisambaza umeme chake ndani, na waya wake ni ule wa kompyuta ya mezani, ule ambao kila ofisi, kila shule na kila duka la simu Kariakoo wanao. Ukiusahau nyumbani, unaazima. Ni ya 2017, si mpya, na wanaopenda vipya watakucheka. Waache. Ni pana, ina pedali ya mguu humohumo, na pedali zake za kubofya ni kubwa za kutosha kwa mtu aliyevaa viatu vya shoo. Mitindo yetu, rumba, dansi, chakacha, muziki wa injili, inataka sauti safi yenye efekti za korasi na dilei kidogo, na hilo inalifanya bila kutoa jasho.

Kitu kimoja uzingatie. Sauti ukiipanga chumbani kwa sauti ya chini, utaongeza besi na makali mengi, maana sikio husikia vyote viwili hafifu sauti ikiwa ndogo. Ukifika ukumbini itakata kama wembe. Panga kwenye spika kubwa, kwa sauti ya shoo, mchana, kabla watu hawajaja.

Namba mbili: HX Stomp, mdogo wake wa 2018. Akili ileile ndani ya kisanduku unachokitia kwenye mfuko wa gitaa. Nimeishusha kwa sababu ya adapta tu. Adapta ya pedali za kawaida hutoa miliampea mia chache, hii inataka elfu tatu. Ukipoteza yake, hutaipata njia ya kwenda shoo. Nunua mbili siku hiyohiyo au usinunue.

Namba tatu: Fender Blues Junior, ila ya volti 230 iliyoandikwa hivyo mgongoni. Wati 15, tyubu mbili za EL84 za nguvu na tatu ndogo za 12AX7, uzito kama kilo 14, mtu mmoja anabeba. Wanaopiga bluzi na roki wanaifaidi, kwani utamu wa tyubu uko pale inapoanza kukwaruza ukiisukuma. Kama unapiga seben ya rumba, inayotaka sauti safi, utamu huo unaulipia bure.

Namba nne: Quad Cortex ya Neural DSP, ya 2021. Skrini ya kugusa, sauti nzuri sana, na inategemea adapta ya nje ya volti 12. Kwa bei ile sitaki kusikia habari ya adapta ya nje. Kemper Stage, modela nyingine, angalau waya wake ni wa kompyuta, lakini ni nzito kichwani kwa asiye na muda wa kusoma.

Namba tano: Twin Reverb ya Fender. Wati 85 na kilo 29 hivi. Ni safi kweli na inaheshimika. Nani atakubebea ghorofani?

Anayetaka usafi wa sauti bila tyubu atafute Roland JC-120. Ipo tangu 1975, haina chupa hata moja, na kumbi kibao za Afrika zinaijua. Nyingi zinazouzwa huku kwa mtumba zimetoka Japani, kwa hiyo rudi kwenye kibati. Visanduku vya bei ya chini vinavyotembezwa mitandaoni, zoeza navyo nyumbani.

Na bei, jamani. Unauliza, unajibiwa "njoo inboksi". Ukienda inboksi unaulizwa uko wapi, unapigia bendi gani, ndipo bei inazaliwa kulingana na jibu. Wengine bado wanataja dola, wakati kanuni za Tanzania za 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Halafu tyubu. Machi 2022 Urusi ilipozuia kusafirisha bidhaa nje, kiwanda cha Saratov kinachotoa majina mengi ya tyubu tunayoyajua kikaguswa, bei zikaruka dunia nzima. Sawa. Mzigo ulirudi sokoni, JJ, watengenezaji wa tyubu wa Slovakia, nao wapo, lakini ukiuliza dukani leo bado unaambiwa "vita, dada".

Kwa hiyo ukichukua ile Blues Junior, chukua na jozi ya EL84 ya akiba papo hapo, zilizopimwa pamoja, na zichomekwe mbele yako ziwake kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa kuziwasha, rudisha zote mbili, na ampu pia.