Maikrofoni za kubana chini ya gari: difu yangu ilisingiziwa

Pikapu yangu ni foo-wili ya zamani, ya kuingiza magurudumu ya mbele kwa ile gia fupi ya pembeni. Ikifika kilomita 60 kwa saa ilikuwa inanguruma, na fundi aliposikia tu akatoa hukumu: difu ya nyuma (zile gia za katikati ya ekseli zinazogawia magurudumu nguvu), ifunguliwe. Mimi nilikuwa na shaka, maana nikikanyaga mafuta au nikiachia, ngurumo ni ileile. Difu iliyochoka mara nyingi hubadili sauti hapo.

Nikaagiza seti hii. Ni vibanio vyenye maikrofoni, kila kimoja na waya wa rangi yake, vinachomekwa kwenye kisanduku chenye swichi ya kuchagua unachotaka kusikia, kisha hedifoni. Nilibana difu karibu na pinioni (gia ndogo inayopokea nguvu), transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), na nyuma ya habu mbili za mbele, yaani vitovu vya magurudumu. Waya zote nilizifunga mbali na ekzosi na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), na usukani nikampa mwenzangu. Dereva asivae hedifoni, tafadhali.

Difu ilivuma kwa upole tu. Habu ya mbele kulia ndiyo iliyokuwa inasaga kama mawe kwenye debe, na tulipokata kona ya kushoto, uzito ukaegemea kulia, ikazidi. Beringi! Ilipotolewa, roli zake zilikuwa zimemenyeka.

Yanayoudhi yapo. Chuma husafirisha sauti, kwa hiyo kila kibanio kitakuletea kelele fulani. Lazima ulinganishe kwa mwendo uleule, barabara ileile. Kijitabu chake hakisemi hivyo. Wala hakikwambii uanze kupima foo-wili ikiwa imetolewa: gari kama langu, lisilo na difu ya katikati ya kuacha mbele na nyuma vizunguke kwa kasi tofauti, likikata kona kwenye lami kavu huku magurudumu yote yanavuta, gia zinakabana na utaishia kuilaumu transfa isiyo na kosa.

Kwa ule mlio wa "kang" unapoachia klachi, usijisumbue na seti hii. Weka kabari magurudumuni, gia iwe huru, ingia chini uizungushe propela kwa mkono huku na huku. Krosi (kiungo cha propela) iliyokwisha utaiona ikicheza kwa macho yako.

Hedifoni za kwenye boksi zinabana masikio na upepo unapita. Nimechomeka zangu. Nyota nne.