Uzoefu wangu na pointi za uhai katika Dungeons & Dragons, toleo la 5

Mchawi wangu wa kwanza katika mchezo huu wa mezani, ambao kila mtu huigiza mhusika wake na dadu huamua yanayompata, aliuawa kwa pigo moja. Alikuwa kiwango cha 1, ana pointi 7 za uhai, na zimwi lenye rungu likamfikia kabla hajapata pa kujificha. Rungu lile hurushiwa dadu 2 za pande 8, kisha unaongeza 4. Zikatua 8 na 7. Jumla 19. Nikajua nimezimia tu, wenzangu wataniinua. Msimulizi, yaani anayeuendesha mchezo, akafungua kitabu, akaniwekea kidole kwenye kanuni: pigo likikushusha hadi 0, na kiasi kilichobaki cha pigo hilo kikalingana na pointi zako kamili au kuzizidi, umekufa papo hapo. Kwangu zilibaki 12. Karatasi niliyoijaza kwa saa mbili ikawa haina kazi tena.

Usiku ule nilikaa na sura ya mapigano nikaisoma yote, na nimecheza toleo hili la mwaka 2014 tangu hapo bila kuchoka. Nilichokuwa nimekosea ni kudhani kwamba pointi za uhai ni damu. Kitabu kinaeleza wazi: ni uimara wa mwili na wa akili, nia ya kuishi, na bahati, vyote vimefungwa pamoja. Chukua mpiganaji mwenye nyongeza ya 2 kwa ustahimilivu. Kiwango cha 1 ana pointi 12. Akifika cha 5, kwa hesabu ya wastani, ana 44. Hajaota nyama mara nne. Amejifunza kugeuza bega sekunde ile ile ambayo zamani angesimama kama gogo. Msimulizi wetu alipolishika hilo, meza ilibadilika. Ukipoteza 8 kati ya 44 hakwambii umechomwa tumboni. Anakwambia umeukinga upanga na mkono wote umekufa ganzi. Damu anaiweka akiba kwa pigo la mwisho.

Upande wa silaha ndio ninaoupenda zaidi. Mchezo ulipotoka mwaka 1974, kila silaha ilirushiwa dadu ya pande 6, iwe kisu au panga la mikono miwili. Tofauti zilikuja na kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975. Leo kisu kina dadu ya pande 4, na upanga mrefu ya pande 8, au 10 ukiushika kwa mikono yote miwili. Halafu kuna ubishi usioisha mezani petu: shoka kubwa lenye dadu moja ya pande 12, au upanga mkubwa wenye dadu mbili za pande 6? Kwa wastani upanga unashinda, 7 dhidi ya 6.5, na haushuki chini ya 2. Lakini 12 kamili kwa upanga huja mara 1 kati ya 36, kwa shoka mara 1 kati ya 12. Mimi ni wa shoka. Ile dadu moja nzito inapobiringika, watu huacha kuongea.

Mgeni asisahau pia nguvu za mkono. Mwenye nguvu 16 anaongeza 3 kwenye kila pigo, kwa hiyo kisu chake kina wastani wa 5.5 na kinaumiza kuliko dadu yake inavyoonyesha. Ukipata 20 kwenye dadu ya kushambulia, ile ya pande 20 inayoamua kama pigo limefika, unarusha dadu za silaha mara mbili, ila ile 3 hairudiwi.

Kinachonikera ni kimoja. Mwenye pointi 1 anapigana sawasawa na mwenye 44. Ukiwa 0 unazimia na kuanza kurusha dadu ya pande 20: 10 na zaidi ni heri, chini yake ni shari, tatu za upande mmoja zinaamua. Kuhani akitamka neno moja la uponyaji, unainuka na pointi chache, unaanguka tena, unainuliwa tena. Kuanguka kunakosa uzito. Sisi tumejiwekea sharti: kila anayefika 0 anabeba kiwango kimoja cha uchovu, na uchovu una viwango sita, wa sita ni kifo. Tangu hapo watu wanarudi nyuma mapema na kukingana kwa ngao.

Kama ndiyo kwanza mnaanza, ombeni muanzie kiwango cha 3. Mchawi wangu yule yule angekuwa na pointi 17. Pigo la 19 lingemwangusha na kubakiza 2 tu, na dadu ya pande 20 ingekuwa mkononi mwangu.