Meli ya kitalii ya daraja la juu: tathmini ya abiria wa Mbeya aliyekwenda na mashaka

Mtanzania anayeitazama meli kwa mashaka ana sababu zake. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 1996, MV Spice Islander ikazama nje ya Nungwi Septemba 2011, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na katika misiba yote mitatu kujaza watu na mizigo kupita uwezo wa chombo kulitajwa miongoni mwa sababu kubwa. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye anafanya biashara ya mbao Mafinga, aliponiambia kwamba ameweka akiba ya safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania na kwamba anataka nimsindikize, swali langu la kwanza lilihusu idadi ya abiria na idadi ya nafasi katika boti za kuokolea. La pili lilihusu bei, kwa kuwa nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu hapa Mbeya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na siamini neno "bure" mpaka nilione limeandikwa kwenye mkataba. Kampuni sitaitaja, kwa sababu ninachopima hapa ni aina ya huduma yenyewe, ambayo kampuni kadhaa zinaiuza kwa masharti yanayofanana.

Meli yetu ilikuwa ndogo kwa viwango vya sasa, yenye abiria wasiofika mia saba, ilhali zile kubwa kabisa hubeba maelfu. Tulipanda Barcelona, tukapita Marseille, Livorno na Naples, tukashukia Civitavecchia, bandari inayohudumia Roma.

Nianze na usalama, maana hapo ndipo shaka yangu ilipojibiwa mapema na kwa vitendo. Kabla kamba hazijafunguliwa gatini, king'ora kililia mara saba kwa ufupi na mara moja kwa kirefu, na kila abiria alitakiwa kwenda katika kituo kilichoandikwa kwenye kadi yake. Kijana aliyesimama mlangoni alipitisha kadi ya kila mmoja kwenye kifaa chake, akatuonyesha namna ya kuvaa jaketi la kuokolea, akakagua kamba ya kila mtu kwa mkono wake, na alipomfikia mama mmoja mtu mzima aliyeshindwa kufunga kifungo cha kifuani alipiga goti akamfungia taratibu huku akimweleza tena tangu mwanzo. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, umeona? Wanahesabu kweli." Nikamjibu, "Nimeona, mdogo wangu, lakini ngoja tuone kama watamaliza." Walimaliza. Majina mawili yalikosekana, yakatangazwa, wahusika wakafuatwa vyumbani kwao, na sisi wengine wote tukasubiri tumesimama hadi walipofika na hesabu ikatimia.

Utaratibu huo una historia ya uchungu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914, baada ya Titanic kuzama ikiwa na boti zisizotosha abiria wake. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 13, 2012, na watu 32 wakapoteza maisha, mamia ya abiria waliopanda jioni ile Civitavecchia walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Sasa ni lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Meli ya abiria ya safari za kimataifa inatakiwa pia iwe na boti na maboya makubwa yenye nafasi za kutosha asilimia 125 ya watu wote waliomo. Natamani kwa moyo wote kwamba siku moja abiria wa maziwa yetu, wale wa Nyasa, Tanganyika na Viktoria, wahesabiwe kwa uangalifu uleule, kwa sababu kuhesabu watu na kukataa kuondoka kabla hesabu haijatimia hakuhitaji utajiri wa Ulaya.

Kuhusu bei, ukweli ni kwamba nauli ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, bila tiketi ya ndege, ilikaribia bei ya Bajaji mpya. Fedha hizo ni nyingi, na mtu asidanganywe kwamba kuna siri ya kuzipunguza hadi ziwe kidogo. Hata hivyo, niliweka karatasi mbili mezani, moja ya meli hii na nyingine ya meli kubwa ya bei nafuu inayopita njia hiyohiyo, nikagundua kwamba pengo lililopo kwenye tangazo haliwi pengo hilohilo wakati wa kulipa. Katika meli ya bei nafuu nauli hulipia kitanda, chakula cha kumbi kuu na burudani. Juu yake huongezwa bakshishi inayotozwa moja kwa moja, ambayo kwa kawaida ni kati ya dola 14 na 20 kwa kila mtu kwa kila siku, kisha vinywaji, intaneti, migahawa maalumu, na matembezi ya nchi kavu katika kila bandari. Katika meli yetu bakshishi, vinywaji, intaneti na migahawa yote vilikuwa ndani ya nauli. Tulichotozwa zaidi ni matembezi tuliyoyachagua wenyewe na ufuaji wa nguo, na wapo waliotozwa kwa kukandwa mwili na kwa zahanati ya melini, ambayo ni ghali, kwa hiyo bima ya safari ni ya lazima hata kama hakuna afisa anayekuuliza.

Baada ya kujumlisha yote, tofauti ilipungua sana, ingawa haikufutika. Kwa mtu asiyekunywa pombe, kama sisi tulivyo, nauli inayojumuisha kila kitu humfanya alipie mvinyo wa wenzake, na hilo ni kasoro ninayoishikilia: ingekuwa haki kuwapo nauli isiyo na pombe. Vilevile anayesafiri peke yake ajiandae, kwani bei hutangazwa kwa mtu mmoja akiwa na mwenzake chumbani, na akiwa peke yake anaweza kutozwa hadi karibu mara mbili.

Kilichonishawishi zaidi kuliko hesabu ni namna watu walivyofanya kazi. Mhudumu wa chumba chetu alikuwa baba mmoja kutoka Ufilipino, mpole, mwenye kumbukumbu ya ajabu. Mdogo wangu ana kawaida ya kusoma Biblia kabla ya kulala na kuiacha wazi juu ya kitanda pamoja na miwani. Jioni ya pili tulikuta Biblia imewekwa upande wake wa kushoto, utepe umelazwa kwenye ukurasa uleule, na chini ya miwani kuna kitambaa kidogo laini cha kufutia vioo ambacho hakuna aliyekiomba. Hakuna mlango wa dhahabu unaolingana na jambo kama hilo. Meli za daraja hili huajiri takriban mhudumu mmoja kwa kila abiria wawili au pungufu ya hapo, na kwa maoni yangu hapo ndipo sehemu kubwa ya nauli inapokwenda, wala siyo kwenye taa za kioo na marumaru za ukumbini.

Lakini mtu anayefurahia huduma hiyo anapaswa kujua inatoka wapi. Mikataba ya mabaharia hawa hudumu miezi mfululizo mbali na nyumbani, na mkataba wa kimataifa wa kazi za ubaharia wa mwaka 2006 unaruhusu mtu afanye kazi hadi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki. Yule baba alitueleza kwamba mwanawe wa mwisho alizaliwa yeye akiwa baharini. Nauli ilisema bakshishi imeshalipwa, hata hivyo tukampa bahasha yetu, na ninamshauri kila atakayekwenda atenge fungu kwa ajili hiyo tangu akiwa nyumbani.

Chakula nitakipita haraka. Kilikuwa kizuri, samaki wabichi kila siku, matunda mengi, na maji ya kunawa mikono mlangoni yakisimamiwa kwa ukali, jambo la busara kwa sababu maradhi ya tumbo husambaa upesi watu wanapokula na kulala pamoja. Wali wao haukuwa na harufu, na aliyezoea mchele wa Kyela ataliona pengo hilo kila mlo. Chai ilikuwa nyepesi. Tulibeba majani ya Rungwe, na jikoni wakakubali kutuchemshia na maziwa. Jioni mbili zilihitaji mavazi rasmi, tukavaa magauni ya kitenge yaliyoshonwa Mwanjelwa, na tulipokelewa kwa heshima kamili.

Usiku wa kutoka Barcelona kwenda Marseille ulikuwa mgumu. Njia hiyo hukatiza Ghuba ya Simba, ambako upepo wa kaskazini uitwao Mistral huvuma kwa nguvu, na ingawa meli ina mapezi ya pembeni yanayopunguza kuyumba, vikombe viliteleza mezani na mdogo wangu hakula chakula cha usiku. Aliyewahi kuona Ziwa Nyasa likichafuka pale Matema anajua maji yanavyoweza kubadilika ndani ya saa moja, ila ziwani unaweza kuona milima ya Livingstone, na baharini usiku huoni chochote. Chagua chumba cha katikati ya meli na cha sitaha za chini, kwa kuwa huko kuyumba ni kidogo, hata kama wakala anakusifia vyumba vya juu. Tangawizi ilitusaidia kuliko vidonge, ambavyo vilitulaza mchana kutwa.

Kasoro kubwa ya safari hizi, kwangu, ni muda wa bandarini. Meli hutia nanga asubuhi na kuondoka jioni, na yeyote aliyetoka kivyake akichelewa hasubiriwi. Livorno ilitangazwa kana kwamba ni Florence, ilhali Florence iko zaidi ya saa moja kwa basi, na Roma iko zaidi ya kilomita 70 kutoka Civitavecchia, kwa hiyo yule anayefanya matembezi ya siku moja hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa kwenye kiti cha basi. Sisi Roma tuliitenga kwa ajili ya baada ya kushuka, tukalala huko, na uamuzi huo ulikuwa mzuri kuliko wote tuliofanya katika kupanga.

Naples ilikuwa kinyume chake kabisa. Gati liko mjini, na treni ya kwenda Pompeii, mji wa kale wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius, huchukua chini ya saa moja. Tulitembea katika barabara za mawe ambazo bado zina alama za magurudumu ya mikokoteni, tukaona duka la mkate lenye mawe ya kusagia nafaka, na tukasimama mbele ya sanamu za watu waliofunikwa na majivu mwaka 79, ambazo zilipatikana kwa kumimina plasta ndani ya uwazi ulioachwa na miili yao, mbinu iliyoanza kutumika huko mwaka 1863. Mmoja wao alikuwa amefunika uso kwa mikono. Mdogo wangu alitoka nje akakaa kimya kwa muda. Nami niliutazama Vesuvius, mlima wa mita 1,281, ambao kilele chake hakifikii hata usawa wa jiji letu la Mbeya, nikawaza juu ya Rungwe wetu wa karibu mita 2,960, nao pia ni wa volkano, na juu ya wakulima wa pande zote mbili wanaolima miteremko hiyo kwa sababu udongo wake ni mwema. Kwa siku hiyo pekee ningelipa tena.

Kwa wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini, gharama huanza kabla ya bahari. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwetu ilikuwa Italia, na mwombaji wa mara ya kwanza hufika mwenyewe Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima isiyopungua euro 30,000 ni sharti, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Usilipe nauli yote ya meli kabla viza haijatoka. Soma kwanza ni lini amana hairudishwi. Asiyejua kama mwili wake unastahimili maji ajaribu kwanza safari ya ziwani kutoka Kyela kuelekea Mbamba Bay, yenye gharama ndogo na mandhari ya kupendeza.

Ninawashauri waende wale waliostaafu, wenye akiba isiyo ya ada za watoto wala ya mtaji, wanaopenda utulivu. Vijana wanaotaka kuikaa miji na kuijua wapande treni, kwa fedha hizo watakaa Italia muda mrefu zaidi.

Asubuhi ya kushuka, karatasi ya hesabu ilikuwa imepitishwa chini ya mlango, nami nikaikagua mstari kwa mstari pamoja na risiti zangu. Ililingana hadi senti ya mwisho. Angalizo moja: wakati wa kupanda, kampuni huzuia kiasi fulani kwenye kadi ya benki kama dhamana, na zuio hilo huchukua siku kadhaa kuondoka, kwa hiyo mwambie meneja wa tawi lako afungue kadi kwa matumizi ya nje na usafiri na kadi mbili, kwa sababu si busara kutegemea simu yenye fedha za M-Pesa kulipia hoteli Roma.