Jioni Moja McSorley's: Ukiagiza Bia Moja, Zinakuja Mbili

Kikundi chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa New York, wengi wetu kutoka Kenya na Tanzania, hukutana mara moja kwa mwezi baada ya kazi, na kwa muda mrefu kimekuwa na ugonjwa mmoja, nao ni bili. Mwezi uliotangulia tulikwenda katika baa moja ya kisasa, ambayo sitaitaja jina, kwa sababu ya tangazo lake la hepi awa, yaani saa za vinywaji vya bei ya punguzo. Aliyetushawishi zaidi ni kaka mmoja aliyehamia kutoka Boston, ambako sheria ya jimbo la Massachusetts imepiga marufuku punguzo la namna hiyo tangu 1984. Jioni ile iliishia kwenye ubishi wa karibu nusu saa juu ya nani aliagiza kinywaji chake kabla ya muda wa punguzo kwisha na nani aliagiza dakika tano baadaye. Safari hii nilipewa mimi jukumu la kuchagua mahali, nikachagua baa ya zamani ya McSorley's Old Ale House, nambari 15 mtaa wa East 7th, mwendo mfupi kutoka kituo cha treni cha Astor Place.

Nilipachagua kwa sababu hakuna cha kuchagua. Bia ni za aina mbili tu, nyeupe na nyeusi, nazo huletwa katika gilasi ndogo zenye mkono, mbili kwa kila agizo, hata kama ulitaka moja. Tulikuwa watu tisa, na kwa kuwa wawili hawanywi pombe waliagiza soda, mhudumu alirudi na gilasi kumi na nne alizozikamata kwa vidole, mikono ya gilasi ikiwa imesongamana katika viganja vyake, akazitua mezani kwa mkupuo mmoja; povu likachuruzika ukingoni na kunywewa na unga wa mbao uliotandazwa sakafuni. Bia nyeusi ndiyo niliyoipenda, kwani ina uchungu kidogo wa kitu kilichokaangwa, lakini si nzito kama rangi yake inavyotisha. Nyeupe ni bia ya kawaida tu.

Kuhusu chakula, agizeni sahani ya jibini, inayokuja na biskuti za chumvi na vitunguu vibichi. Mwenzetu wa kutoka Tanga alivitazama vitunguu hivyo kwa huruma, akauliza ndimu na pilipili viko wapi, kisha akapaka haradali ya mezani kama anavyopaka achari, na kwa dakika nzima hakuweza kusema neno kwa jinsi ilivyompanda puani. Haradali hiyo hutiwa kidogo sana.

Baa yenyewe inajitangaza kuwa ilifunguliwa mwaka 1854 na John McSorley, mhamiaji kutoka Ireland. Wapo watafiti waliopekua kumbukumbu za kodi za jiji na kusema kwamba huenda jengo ni changa kuliko hapo kwa miaka kadhaa, jambo linaloitia dosari hadithi ya kwamba Abraham Lincoln alipita hapa baada ya hotuba yake ya Februari 1860 katika chuo cha Cooper Union, hapo jirani. Mimi sikuona haja ya kulibishania hilo mezani. Kilichotunyamazisha ni vifupa vya kidari vya bata mzinga, vyenye umbo la panda ya manati, vilivyotundikwa juu ya kaunta. Inasimuliwa kwamba vijana waliokuwa wakienda Vita Vikuu vya Kwanza walivitundika ili wavichukue watakaporudi, na vilivyobaki ni vya wale ambao hawakurudi. Vumbi lake liliachwa lijikusanye kwa miongo mingi, hadi mwaka 2011 mwenye baa wa wakati huo, Matthew Maher, alipolazimika kulifuta kwa agizo la mkaguzi wa afya, naye hakukubali mtu mwingine alifanye.

Jambo lililozua mazungumzo marefu zaidi, hasa kwa dada zetu wanne, ni kaulimbiu ya zamani ya mahali hapa: bia nzuri, vitunguu vibichi na hakuna wanawake. Hayo hayakuwa mzaha, kwani wanawake hawakuruhusiwa kuingia mpaka mwaka 1970, baada ya wanawake wawili kufungua kesi na baada ya jiji kupitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo. Ajabu ni kwamba tangu mwaka 1939 baa ilikuwa mali ya mwanamke, Dorothy Kirwan, aliyeirithi kwa baba yake na kumwahidi kwamba hataingia wakati wa biashara, naye akaitimiza ahadi hiyo kwa kuja Jumapili baada ya mlango kufungwa. Choo cha wanawake kilijengwa mwaka 1986. Dada mmoja alipiga hesabu, akatangaza kwamba sheria ilifika miaka 16 kabla ya choo, kisha akaagiza nyingine mbili.

Nashauri kikundi kisizidi watu kumi, kwa sababu meza ni za kukaa na wageni bega kwa bega, na mje siku ya kazi mnamo saa kumi na moja jioni kabla umati haujajaa. Bebeni fedha taslimu. Anayetafuta divai au pombe za kuchanganya ameshapotea njia. Kelele tulizozisikia zilikuwa za watu wakizungumza, kwa hiyo nasi tulizungumza, kwa Kiswahili na kwa sauti ya juu, na hakuna aliyegeuka kututazama.

Bili ilipokuja, kila mnywaji alikuwa na idadi ya gilasi inayogawanyika kwa mbili, na bei ilikuwa moja kwa wote. Kaka wa Boston alizidisha kichwani, noti zikakusanywa katika kofia yake, na kabla hatujaufikia mlango meza yetu ilikuwa imeshakaliwa.