Karama au Adili?

Ukinipa vitabu viwili vya Shaaban Robert, Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), akili yangu itachagua cha kwanza. Moyo utakwenda na cha pili.

Karama, shujaa wa Kusadikika, namheshimu. Anashtakiwa na Majivuno katika nchi inayoelea angani, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mema wakaishia gerezani. Hoja zake zimenyooka mno. Kufikia mjumbe wa nne, nilikuwa nakisia mwisho kabla ya kufungua ukurasa. Karama hasiti wala hachoki. Ni mdomo wa haki zaidi ya kuwa mtu.

Adili je? Huyu alininyima usingizi. Nduguze, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani na jini Huria, naye ameamriwa kuwachapa kila usiku. Anawachapa. Kisha analia nao. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilimkasirikia: kwa nini asiutupe mjeledi? Miaka baadaye, nikiwa na ndugu wa kugombana nao, hasira ilihamia kwa Huria. (Majina yale, kusema kweli, yanatoboa siri mapema. Mtu aitwaye Hasidi utamtarajia nini?)

Kwa mjadala wa sheria na utawala, chukua Kusadikika. Mimi usiku wa mvua nachukua manyani.