Ofisi ya skolashipu za kikapu Mikocheni: makaratasi wako vizuri, kwenye ligi za vyuo bado sana

Wazazi wenye watoto wanaocheza kikapu hapa Dar, hii inawahusu. Kuna ofisi Mikocheni inasaidia vijana kutafuta skolashipu za michezo vyuo vya Marekani, jina silitaji maana sitaki kuharibia mtu biashara, ila nimewatumia kwa ajili ya binti wa dada yangu na nina la kusema.

Kwanza haki yao niwape. Makaratasi wanayajua aisee. Usajili wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wamemfanyia, matokeo ya NECTA wakatuelekeza yatumwe vipi, video ya mechi zake za pale JMK Park wakaikata vizuri mpaka kocha mmoja wa kule akajibu imeili, na yule kaka wa mapokezi ana heshima kweli, shikamoo mama, karibu mama, unauliza kitu kilekile tena na tena wala hachoki. Hela ya kuanzia sikuona mbaya kwa kazi ile.

Shida ni orodha yao ya vyuo. UCLA, USC, Stanford, Oregon, wote wameandikwa wako Pac-12, ligi ya vyuo vya upande wa Pasifiki, wakati ile Pac-12 ilishasambaratika, mwaka 2022 USC na UCLA walitangaza wanaenda ligi nyingine, Big Ten, 2023 Oregon na Washington wakafuata hukohuko, Arizona, Arizona State, Utah na Colorado wakaenda ligi ya Big 12, alafu Stanford na chuo cha California, Berkeley, wakaingia ACC ambayo ni ligi ya upande wa Atlantiki na wao wako pwani ya Pasifiki! Agosti 2024 ilipofika ligi yenye mizizi ya tangu 1915 imebaki na vyuo viwili tu, Oregon State na Washington State. Chanzo ni hela za tivii, Big Ten walisaini mikataba ya kama dola bilioni 7 kwa miaka 7, Pac-12 wakahangaika kutafuta ya kwao wakakosa ya maana, basi kila chuo kikaangalia maslahi yake.

Nikamuuliza yule kaka, sasa mwanangu akipata UCLA atakua anasafiri kwenda kucheza wapi? Akanambia mama hayo ni mambo ya mashabiki, skolashipu ni ileile. Hapo nimekataa na ntaendelea kukataa.

Maana anayesafiri ni mtoto. Zamani mechi za ligi za UCLA, chuo cha Los Angeles, zilikua California, Arizona, Oregon, ukanda wao uleule, sasa hivi mpinzani wa ligi ni chuo cha Rutgers kule New Jersey, kilometa kama 3,900, yani zaidi ya mara tatu ya Dar kwenda Mwanza kwa barabara, na saa zinapishana tatu. Mabadiliko yote haya yamepangwa kwa ajili ya futiboli ya kimarekani ambayo wanacheza mara moja kwa wiki na mara nyingi ni jumamosi, lakini kikapu na voliboli wanacheza hadi katikati ya wiki, kwa hiyo anayekosa vipindi na kusomea uwanja wa ndege ni huyu wa kwetu ambaye tumempeleka kule akasome. Mama yake amelia na ada za shule miaka yote ili huyu binti apate digrii, kikapu ni njia tu ya kufika.

Waliobaki nao wana yao. Oregon State na Washington State kikapu ilibidi wakajishikize ligi nyingine, West Coast Conference, hela za tivii zikapungua sana, na 2025 Washington State wakakata michezo ya kuruka na kurusha kwenye timu yao ya riadha, chuo kilekile alichokua anasoma Henry Rono wa Kenya alipovunja rekodi nne za dunia 1978. Mzazi aliyempeleka mtoto pale kurusha mkuki inakuaje?

Na mfano wa nyumbani upo. Hasheem Thabeet wetu, mzaliwa wa hapahapa Dar, alicheza chuo cha Connecticut kikiwa ligi ya Big East, akafika nusu fainali za vyuo za taifa 2009 na mwaka huohuo akachaguliwa namba 2 NBA. Baada ya hapo Big East ikagawanyika, kuanzia 2013 Connecticut wakajikuta ligi moja na vyuo vya Texas, Florida na Oklahoma, mbali na watu wao, mpaka wakakubali kulipa dola milioni 17 kutoka ili warudi Big East 2020. Timu yao ya kikapu ya wanaume ikachukua ubingwa wa taifa 2023 na 2024. Chuo kizima kimelipa hela yote hiyo kurudi ligi yake alafu mtu anasema ni mambo ya mashabiki?

Kingine, wanawatia wazazi tamaa na hela ambazo vyuo vinaruhusiwa kulipa wachezaji tangu 2025. Mtoto wa kwetu anaenda na viza ya mwanafunzi, F-1, masharti yake ya kazi na kipato ni makali, waseme ukweli huo siku ya kwanza.

Nawapa nyota 3 kati ya 5, na hizo tatu ni za makaratasi. Orodha iliyorekebishwa nimewapelekea na wameipokea vizuri, ila ukienda waulize chuo kitakua ligi gani msimu atakaoanza mtoto, na wakati wa vipindi timu inapanda ndege mara ngapi, wakikosa jibu wamwandikie kocha ukiwa umekaa hapohapo. Na hiyo orodha wasichapishe nakala nyingi, maana Pac-12 yenyewe inaanza upya Julai 2026 na kina Boise State, San Diego State na Gonzaga.